Baba aliyenifundisha kuuliza ushahidi sasa anaamini kila njama. Nifanyeje?

Swali: "Baba yangu ana miaka 68. Alifundisha hisabati zaidi ya miaka 30, na tangu nikiwa mdogo neno lake lilikuwa moja: 'Nionyeshe hatua zako.' Mama alifariki miaka miwili iliyopita. Tangu hapo baba anakesha na simu. Anaamini korona ilipangwa na kikundi cha matajiri ili wapunguze watu duniani, kwamba chanjo zina chipu za kutufuatilia, na kwamba binadamu hajawahi kukanyaga mwezini. Nimemtumia makala, nimembishia, na siku moja nikamwambia mbele ya ndugu zangu kwamba anatuaibisha. Akajitoa kwenye kundi la familia la WhatsApp. Sasa ameanza kusema hata dawa zake za presha ni ujanja wa makampuni. Mtu mwenye akili kama yake anaaminije mambo haya? Na mimi nifanye nini?"

Jibu:

Dada yangu, pole sana. Pole kwanza kwa kufiwa na mama, kwa sababu umemtaja kwa sentensi moja ukapita, na mimi nadhani amelala ndani ya swali hili kuliko ulivyofikiri. Pole pia kwa yaliyotokea kati yako na mzee. Nitaanza na swali lako la kwanza, maana likijibiwa vibaya, la pili halitajibika.

Akili ya baba yako haijaondoka. Ni kweli tafiti nyingi zinaonyesha kwamba, kwa wastani, elimu na mazoea ya kupima hoja kwa utulivu humpunguzia mtu uwezekano wa kuamini njama. Lakini wastani ni wastani. Miongoni mwa wanaoamini wapo wahandisi, wauguzi na walimu. Na mtu mwenye akili nyingi ana hatari yake ya pekee: akishaamini jambo kwa sababu za moyoni, ana uwezo mkubwa zaidi wa kulitafutia hoja za kulitetea. Kwa hiyo usiulize akili yake imekwenda wapi. Uliza imeajiriwa na nani.

Mwaka 2017 Karen Douglas, Robbie Sutton na Aleksandra Cichocka wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, walipitia tafiti za miaka mingi, wakaona kwamba nadharia za njama huwavuta watu kwa haja tatu: haja ya kuelewa, haja ya kujiona salama na kuyamudu maisha, na haja ya kujiona mtu wa maana katika kundi la maana. Haja hizi si ugonjwa. Wewe unazo, mimi ninazo. Nao waliongeza jambo ambalo husahaulika: nadharia hizi huahidi kuzituliza haja hizo, lakini kwa ushahidi uliopo mara nyingi hazitulizi, na wakati mwingine humwacha mtu na wasiwasi mkubwa kuliko aliokuja nao.

Tuanze na kuelewa. Binadamu hapendi sababu ndogo kwa tukio kubwa. Tarehe 22 Novemba 1963 Rais John F. Kennedy wa Marekani aliuawa kwa risasi huko Dallas. Tume ya Warren, iliyoundwa kuyachunguza mauaji hayo na kutoa ripoti mwaka uliofuata, ilimtaja mtu mmoja, Lee Harvey Oswald, kijana wa miaka 24 mwenye bunduki aliyoiagiza kwa posta. Kwa miongo mingi kura za maoni zimeonyesha kwamba Wamarekani wengi hawakuridhika. Rais wa taifa kubwa kama lile, kisha muuaji awe kijana asiyejulikana? Mwaka 1979 Clark McCauley na Susan Jacques waliupima mwelekeo huu kwa kuwasimulia watu kisa cha mtu aliyemfyatulia rais risasi. Rais alipokufa katika kisa, wasikilizaji waliona njama ni jambo linalowezekana zaidi kuliko pale risasi ilipomkosa. Kitendo kilikuwa kile kile, kilichobadilika ni ukubwa wa msiba. Sasa weka korona hapo. Ugonjwa uliofunga dunia nzima na kuua mamilioni ya watu, halafu chanzo chake kiwe kirusi kisichoonekana kwa macho. Moyo unakataa hesabu hiyo kabla akili haijaanza kuipiga.

Tena tuna macho ya kuona makusudi hata pasipo na mtu. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi yenye pembetatu mbili na duara dogo vikizunguka karibu na kisanduku chenye mlango. Kati ya watu 34 walioulizwa wameona nini, mmoja tu ndiye aliyeeleza maumbo yanayosogea. Waliobaki walisimulia mkasa: huyu mkubwa ni mkorofi, yule anamtetea mwenzake, wale wawili wametoroka. Wahenga wetu walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Ni kweli kwa chombo baharini. Taabu huanza pale tunapoitumia kanuni hiyo kwa kila kinachoelea, hata gogo.

Haja ya pili ni ile ya usalama, na hapa nitakusimulia jambo la zamani ambalo mimi hulirudia mara nyingi kwa sababu linafunua mengi. Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Bihar nchini India na sehemu za Nepal. Mtafiti wa Kihindi, Jamuna Prasad, alikusanya uvumi ulioenea baadaye katika maeneo yaliyotikisika lakini hayakubomoka. Ungetarajia watu wale wafarijiane. Badala yake walienezeana habari kwamba balaa kubwa zaidi linakuja. Miaka mingi baadaye mwanasaikolojia Leon Festinger alisoma matokeo hayo akashangaa: mbona watu watunge habari za kujitisha? Jawabu alilofikia ni kwamba watu wale walikuwa na hofu tayari. Ardhi ilikuwa imewatetemesha, mwili ulikuwa bado unadunda, lakini pembeni yao hapakuwa na nyumba iliyoanguka wala maiti ya kuielezea hofu ile. Uvumi ukaja kuipa hofu sababu.

Mfikirie baba yako kwa kipimo hicho. Mkewe amekufa. Uchungu umejaa nyumba nzima, na hakuna wa kumshitaki. Saa nane ya usiku, kitanda kina nafasi tupu, mtu kwenye simu anamwambia: hujakosea kuhisi kwamba kuna kitu kibaya duniani, na waliokifanya ni hawa hapa, majina yao haya. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, wala mimi sijakaa naye. Ila nimekaa na wafiwa wengi, na najua kwamba hasira isiyo na pa kwenda huwa radhi kupangishwa popote.

Haja ya tatu, ya heshima, ndiyo ninayoiona kubwa zaidi katika barua yako. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Ujerumani, Roland Imhoff na Pia Lamberty, walibuni nadharia ambayo haikuwahi kuwapo: kwamba vifaa vya kung'amua moshi majumbani vina madhara yanayofichwa. Watu wenye mazoea ya kuona njama kila mahali waliiamini zaidi walipoambiwa kwamba ni wachache tu wanaoikubali. Soma tena hapo. Kwa kawaida tunadhani mtu hufuata kundi kubwa. Hawa walivutwa na uchache wenyewe. Kuwa miongoni mwa wachache wanaojua ni cheo.

Baba yako kwa miaka 30 aliingia darasani watoto wakasimama. Alikuwa na chaki mkononi, na jibu sahihi lilikuwa kwake. Siku moja akastaafu. Kisha akafiwa na mtu aliyekuwa akimsikiliza kila jioni. Watoto wamekua, wana simu zao na majibu yao. Nani anamuuliza kitu sasa? Halafu anafungua video, na msemaji anamwambia kwamba wengine wote wamelala, yeye ameamka. Anaandika maoni yake, watu mia wanamjibu "asante mwalimu". Dada yangu, hilo ni darasa. Amelipata tena.

Kuhusu mtandao wenyewe nitasema kwa kifupi, maana hubebeshwa lawama zote na mimi sidhani kwamba ni haki kusema simu peke yake ndiyo iliyombadilisha baba yako. Njama zilikuwapo kabla ya umeme. Roma ilipoungua mwaka 64 watu walinong'ona kwamba Mfalme Nero ndiye aliyewasha moto. Mwaka 2022 Joseph Uscinski na wenzake walilinganisha kura za maoni za vipindi mbalimbali, na hawakuona ushahidi kwamba kwa jumla watu wanaamini njama zaidi kuliko zamani. Mtandao haukuiumba tabia hii. Kilichobadilika ni kasi, na wingi wa kurudiarudia. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, walifuatilia habari zipatazo 126,000 zilizoenezwa Twitter kati ya 2006 na 2017, wakakuta za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko za kweli. Waliosambaza zaidi hawakuwa programu za kompyuta bali watu wa kawaida, kwa sababu uongo ulikuwa mpya na wa kushangaza. Mtambo unaochagua video inayofuata nao unalisha kile kinachomfanya mtu abaki, na hofu humfanya mtu abaki.

Kurudiarudia kuna nguvu ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1977 Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino walionyesha kwamba sentensi ambayo mtu ameisikia mara kadhaa huonekana ya kweli zaidi kuliko aliyoisikia mara moja, hata kama ni ya uongo. Baadaye, mwaka 2015, Lisa Fazio na wenzake walionyesha kwamba hata mtu anayelijua jibu sahihi hayuko salama: mrudie uongo, nao utaanza kumsikikia kama jambo alilokuwa akilijua. Lisemwalo lipo, tunasema, na kama halipo li njiani laja. Methali hiyo imenisumbua kwa miaka, kwa sababu inaeleza vizuri kabisa jinsi akili inavyodanganyika, na watu huitumia kama ushahidi. Mzee anayetazama video 20 kwa usiku mmoja anadhani amepata mashahidi 20. Mara nyingi ni shahidi mmoja aliyevaa mashati 20.

Sasa nifike mahali ambapo naomba usiharakishe. Njama za kweli zipo. Ukimwambia baba yako kwamba hakuna wakubwa wanaokaa chumbani kudanganya watu, atakuona wewe ndiye uliyelala, na hapo atakuwa na haki. Kuanzia 1932 hadi 1972, katika eneo la Tuskegee, Marekani, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwaambia ugonjwa wao na bila kuwapa penisilini hata ilipokuwa imeshakuwa tiba ya kawaida. Makampuni ya sigara yalijua madhara ya bidhaa zao na kwa miongo mingi yakalipia kazi ya kupanda mashaka. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, likimsaka Osama bin Laden, lilitumia kampeni ya chanjo kama kificho katika mji wa Abbottabad, Pakistan, na imani ya wazazi kwa wachanjaji ikaumia kwa miaka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu anayeishuku serikali au kampuni ya dawa si mwendawazimu. Ana kumbukumbu.

Ila angalia zile za kweli zilivyojulikana. Habari ya Tuskegee ilitoka mwaka 1972 kwa sababu aliyekuwa mfanyakazi wa idara ile ile, Peter Buxtun, alikataa kunyamaza, na mwandishi Jean Heller wa shirika la Associated Press akaichapisha. Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kuweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia kuyapima magari yakiwa barabarani na kukuta namba hazilingani na za maabara. Zilifichuliwa kwa nyaraka, kwa vipimo, kwa watu waliokuwa ndani. Kila moja ilikuwa na lengo lenye mipaka: kuuza magari, kuuza sigara. Na zilipofichuliwa, mtu yeyote angeweza kukagua. Nadharia za namna anayoipenda mzee hukataa ukaguzi. Ukikosa ushahidi, wanasema hiyo ndiyo dalili kwamba umefichwa vizuri. Ukileta ushahidi kinyume, ulioleta umeshanunuliwa. Hakuna jibu linaloweza kuwaangusha, na mwalimu wa hisabati anajua dai la namna hiyo linaitwaje: halijathibitishwa.

Kwa hiyo mimi sioni kwamba baba yako ana shaka nyingi mno. Naona ana shaka ya upande mmoja. Daktari akizungumza, anauliza amelipwa na nani. Mtu wa video akizungumza, haulizi, ingawa naye anaingiza fedha kwa kila anayetazama na huenda anauza vidonge vyake chini ya video hiyo hiyo. Mwaka 1983 gazeti la India liitwalo Patriot lilichapisha barua isiyo na jina ikidai kwamba UKIMWI ulitengenezwa na Wamarekani katika maabara ya kijeshi. Madai yale yalikuwa kazi ya KGB, idara ya ujasusi ya Umoja wa Kisovyeti, ambayo ilizidi kuyaeneza katika nchi nyingi miaka iliyofuata. Fikiria msomaji aliyeiamini barua ile. Alijiona ameikwepa njama, kumbe ndimo alimokuwa akiingia.

Nami shaka hii nimelazimika kuielekeza kwangu. Mwaka 2012 Michael Wood, Karen Douglas na Robbie Sutton waliripoti kwamba watu walioelekea kuamini Binti Mfalme Diana aliuawa ndio hao hao walioelekea kuamini kwamba alijifanya amekufa. Niliutumia sana utafiti ule kuwaambia watu kwamba waamini njama hukubali mambo mawili yanayopingana. Mwaka 2023 Jan-Willem van Prooijen na wenzake walirudi kwenye jambo hilo wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya uhusiano ule ilitokana na watu wanaokataa madai yote mawili, na kwamba wachache sana huyakubali yote kwa pamoja. Nimeacha kuusimulia kama zamani. Nakuambia hili kwa sababu ndilo utakalomwomba baba yako alifanye, na ni vigumu, na yafaa akuone wewe ukilifanya kwanza.

Basi, ufanye nini?

Huenda umesikia kwamba kumpa mtu ushahidi kunamfanya ashikilie zaidi alichoamini. Dai hilo lilipata umaarufu kutokana na utafiti wa Brendan Nyhan na Jason Reifler wa mwaka 2010. Thomas Wood na Ethan Porter walipolijaribu kwa maelfu ya watu na mada nyingi, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2019, karibu hawakuliona kabisa. Ushahidi kwa kawaida husogeza watu, japo kidogo. Makala zako hazikuharibu kitu. Kilichoharibu ni siku ile mbele ya ndugu zako. Ulimvua mzee kile kile alichokuwa akikitafuta, na ukamwachia watu wa video peke yao wa kumpa.

Mwaka 2024 Thomas Costello, Gordon Pennycook na David Rand walichapisha matokeo ambayo yalinishangaza. Wamarekani 2,190 walieleza njama wanayoiamini na ushahidi unaowashawishi, kisha wakazungumza na programu ya akili bandia kwa duru tatu. Imani yao ilipungua kwa takriban asilimia 20 kwa wastani, na miezi miwili baadaye ilikuwa bado imepungua. Sikuambii umpeleke baba kwa kompyuta. Nakuambia utazame programu ile ilifanya nini: ilijibu ushahidi ule ule ambao mtu aliutaja, kwa upole, bila kuchoka na bila kumcheka. Sisi tunafanya kinyume. Tunajibu ushahidi tunaodhani anao.

Rudi kwenye barua yako. Umeniambia anaamini nini. Hukuniambia hata sehemu moja kwa nini anaamini. Nadhani hujamuuliza, au umemuuliza kwa sauti ya hakimu. Muulize kwa maneno yake mwenyewe: "Baba, nionyeshe hatua zako." Kisha nyamaza, uandike. Mwambie akuchagulie hoja moja iliyo nzito kuliko zote, ile ambayo ikianguka atatikisika. Usikubali kumi kwa siku moja. Video hushinda kwa wingi wa hoja, na mazungumzo ya nyumbani hushinda kwa kukaa na moja.

Ningeanza na mwezi, kwa sababu hauna uchungu ndani yake na ni uwanja wake. Wanaanga wa Marekani wa safari za Apollo 11, 14 na 15 waliacha huko vioo vya kurudisha mwanga. Wanasayansi hadi leo huvipiga kwa miale ya leza kutoka duniani na kupima muda inaochukua kurudi. Mwombe akupigie hesabu: mwezi uko wastani wa kilomita 384,400, mwanga huenda takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, je, utarudi baada ya muda gani? Atapata kama sekunde 2.6. Anaweza kukuambia kwamba vioo vingeweza kupelekwa na roboti, na Wasovyeti kweli walipeleka vyao namna hiyo. Mpe hoja hiyo, ni nzuri. Halafu muulize kuhusu mawe. Safari za Apollo zilirudi na kilo 382 za mawe na udongo, na maabara za nchi nyingi zimeyachunguza. Roboti tatu za Wasovyeti zilizofanikiwa kurudi na udongo zilileta jumla ya gramu 300 hivi. Nani alizibeba hizo kilo? Na mbona Wasovyeti, waliokuwa na kila sababu ya kuwaumbua Wamarekani na vifaa vya kufuatilia chombo kile, hawakupinga? Mwache alale nayo. Usimwombe akiri siku hiyo. Mtu hubadili mawazo akiwa peke yake, hasa mzazi.

Dawa za presha ni jambo jingine, na hapo hatuna muda wa kusubiri. Presha haipigi hodi, na mtu anaweza kujisikia mzima wakati mishipa inaumia. Usiiingize kwenye mjadala wa njama kabisa. Nunueni kipimo cha presha cha nyumbani, mwombe apime asubuhi na jioni na aandike namba kwenye daftari, kisha mwende na daftari hilo kwa daktari anayemwamini. Asiache wala kupunguza dawa kabla ya hapo. Akisema makampuni yanatafuta faida, mkubalie, maana yanatafuta. Kisha mwambie kuhusu utafiti wa ALLHAT, uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na taasisi ya serikali ya Marekani na kutolewa mwaka 2002, ulioshirikisha zaidi ya watu 33,000 wenye presha. Uliona kwamba dawa ya zamani ya bei nafuu, ya kundi la vidonge vya kupunguza maji mwilini, haikuzidiwa na dawa mpya za bei kubwa katika kuzuia shambulio la moyo. Matokeo yale hayakuwafurahisha waliokuwa wakiuza dawa mpya, lakini yalichapishwa.

Kuna mambo ambayo ukiyaona usingoje mazungumzo. Anayeamini njama kwa kawaida anaona sisi sote tunafanyiwa ubaya. Baba akianza kusema kwamba anawindwa yeye binafsi, kwamba majirani wametumwa kwake, au anasikia sauti, hilo si suala la video tena. Vilevile akianza kusahau mambo ya karibuni au kupotea njia anayoijua, au akiacha kula na kusema maisha hayana haja. Mpeleke kwa daktari. Hata kukesha kwake kwa miaka miwili kunafaa kuzungumzwa huko, kwani huzuni ya kufiwa ikizidi inatibika, na mtu asiyelala hushawishika kwa urahisi zaidi.

Na umtafutie darasa. Kama una watoto, au ndugu zako wanao, waende kwake na madaftari ya hisabati, siku zinazojulikana, na aulizwe kweli, si kwa kumfurahisha. Ukiwa kwake usiku, mzungumzie mama. Sidhani kama kuna mtu katika familia yenu anayemtajia jina lake siku hizi, kwa kuogopa kumwumiza. Watu wa video wao hawaogopi kumgusa panapouma.

Kuhusu kundi la WhatsApp, usimwongeze wewe kimyakimya kana kwamba hakuna kilichotokea. Nenda kwake kwanza, umwombe radhi kwa kumwaibisha, bila kusema "lakini" na bila kukubali usichokiamini. Kisha, kwa kuwa uliyasema maneno yale mbele ya ndugu zako, waandikie hao hao kwamba ulimkosea mzee, na umwachie yeye aamue lini atarudi.